Mlima wa Mwisho wa Effie na Struan

Effie alitandaza ramani mezani, penseli sikioni. Yeye na mumewe Struan walikuwa wamepanda pamoja milima mirefu yote ya Scotland isipokuwa mmoja tu, walioapa kuumaliza bega kwa bega. Kesho ndiyo siku yenyewe. Struan alikunywa chai yake, roho ikimsuta.

"Tukishavuka mto tunashika wapi, mzee?"

"Kushoto, penye zizi lililobomoka. Ila uangalie, pana tope linalomeza buti."

Kidole cha Effie kikapanda na mto, kikarudi, kikapanda tena. Kwenye ramani hapakuwa na zizi lolote.



"Lile jino ulilokwenda kung'olewa Jumamosi," Effie aliuliza, akiikunja ramani polepole, "ulilizika kileleni?"