Kiti cha Karibu na Mlango

Mwalimu aliingia na soksi tu miguuni, kikombe cha kahawa mkononi, nami nikasimama wima kama mlingoti wa bendera.

Peke yangu. Wanafunzi wenzangu kumi na sita, watu wazima wote, wamekaa, wananikodolea macho. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeamka saa kumi alfajiri kulisha nguruwe, nimeoga mara mbili na bado nanuka. Kichwa kilishasahau shule. Miguu ndiyo haikusahau. Kwetu Lithuania mwalimu akiingia darasa zima linasimama, na ukichelewa utakiona cha moto.

"Unaondoka?" aliuliza mwalimu. Preben. Denmark hata mwalimu unamwita kwa jina lake. Wala hakuwa ananicheka. Alidhani kweli naondoka.

Na ningeondoka. Kiti cha karibu na mlango nilikichagua makusudi. Baba alinileta nchi hii nikiwa na miaka kumi na mmoja, akifuata kazi za mashambani. Akihama shamba, nami nahama shule. Mara turudi kwetu mwaka mzima, mara tuje tena. Shule tano. Ile ya mwisho hata sikuiaga: Jumatatu moja nilivaa buti za zizini badala ya kubeba begi la vitabu, basi, na hakuna aliyekuja kuuliza. Nilipomwambia baba narudi darasani, alicheka hadi akakohoa.

"Wewe na shule mlishaachana, mwanangu. Mnasumbuana bure."

Mlango ulikuwa hatua mbili. Nilichoka mpaka kuona aibu nako kukawa kazi. Nikashika koti langu.

Nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu. Mama mmoja wa Bosnia, Fikreta, mfua mashuka wa hospitali, alikuwa anainuka polepole, mkono kiunoni.

"Haondoki huyu," alimwambia mwalimu. "Anakupa heshima yako. Hata sisi kwetu tulikuwa tunasimama, ila magoti yangu yamechelewa kupata habari." Kisha akaninong'oneza: "Kaa basi, kijana, na mimi nikae. Nitaanguka hapa."

Nikakaa. Kwa ajili ya magoti yake, si kwa ajili ya shule.

Miezi tisa nilisinzia, Fikreta akanipiga kiwiko, nikaamka, nikasinzia tena. Ikafika Juni, na mtihani wa kuzungumza Kidenmaki, mnaitwa mmoja mmoja. Ukifeli, chuo cha ufundi umeme hakikupokei. Unarudi kwa nguruwe. Tulikaa na Fikreta kwenye benchi la nje, nami nakariri salamu ileile mara ya kumi.

"Ukizimia," alisema, "zimia kwa Kidenmaki."

Nikaitwa. Nikafungua mlango. Preben na mtahini mgeni walikuwa wamekaa nyuma ya meza. Waliponiona, wote wawili wakasimama, wakanipa mkono.

Nilifaulu kwa kuponea chupuchupu, na maswali yenyewe siyakumbuki. Nakumbuka sikujua nitazame wapi, nikatazama chini, nikaiona miguu ya Preben. Siku hiyo alivaa viatu.