Mwombeeni Fundi

"Nani alikutuma uniombee?" Fundi cherehani alisimama katikati ya baraza ya nyumba ya kupanga, futi ya kupimia inamning'inia shingoni. "Nakuuliza wewe, Redio. Nilikuja kwako nikakwambia niombee?"

"Dada'ngu, kuombeana kumekuwa kosa?"

"Umewatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba nimeachwa!"

"Sikuandika umeachwa. Niliandika, wapendwa, mwombeeni fundi wetu, ndoa yake inapita kwenye majaribu. Kwa upendo kabisa."

"Basi upendo wako umenimaliza."

Redio alikuwa msusi wa pale barazani, na jina hilo hakupewa bure. Kila habari ya mtaa ilipita kwake kwanza, ikaongezwa sauti, ndipo ikaenda kwa wengine. Sasa alikuwa na kitana mkononi, na mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, mteja wake: nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima kama zimeshtuka. Mteja alitulia kuliko siku zote, asije akafukuzwa kabla utamu haujakolea.

"Nilimwona shemeji kwa macho yangu," Redio alijitetea. "Alfajiri, begi mkononi, godoro kichwani. Mwanamume anayetoka na godoro anakwenda wapi?"

"Hospitali! Mama yake kapasuliwa. Mume wangu analala sakafuni kando ya kitanda amuuguze. Mama mkwe alituapisha tusimwambie mtu, hataki kutazamwa akiwa hajiwezi. Ndiyo maana nilinyamaza. Ukuta wetu mmoja, Redio. Ungebisha hodi ukaniuliza!"

Redio akakishusha kitana.

"Maneno yako yamemfikia kaka wa mume wangu," fundi aliendelea. "Naye kampigia mdogo wake, kamwambia wewe unamuuguza mama huko, mkeo anakulilia kanisani kwamba umemkimbia. Tangu asubuhi nampigia mume wangu. Hapokei."

Akaingia kwake, akaurudisha mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Redio akabaki na kitana. Tangu wahamie nyumba ile, yeye na fundi waliazimana chumvi, sufuria na siri. Akatoa simu mfukoni. Kundi la maombi lilikuwa limechangamka kama harusi: amina juu ya amina, mikono iliyokunjwa, mmoja kajitangaza kwamba amefunga, hali wala hanywi, kwa ajili ya fundi. Chini kabisa mwenyekiti wa kundi alikuwa ameandika: *Mpendwa, Mungu akijibu, Jumapili utupe ushuhuda.*

"Si rahisi tu?" mteja akasema. "Andika, Bwana asifiwe, ndoa imepona. Wote watashangilia, na wewe utaonekana mtu wa maombi kwelikweli."

Kusema kweli, wazo hilo lilimvutia. Lingemtoa safi, hata doa asibaki nalo. Tena Jumapili angesimama mbele, kitambaa kimefungwa vizuri, watu wapige vigelegele. Kidole chake kikaanza kuandika *Bwana asif...* kikasita. Fundi angekuwa yule aliyeachwa akarudiwa. Mumewe angekuwa yule aliyekimbia akatubu. Alikwisha kumsingizia fundi. Sasa amsingizie na Mungu?

Akafuta. Akabonyeza kitufe cha sauti.

"Wapendwa, ni mimi Redio. Leo msiseme amina, nisikilizeni tu. Fundi hajaachwa. Hakuniambia neno lolote. Mumewe ni mtu mwema, yuko kwenye mambo ya kwao yasiyonihusu. Mimi niliona kidogo, nikajaza kilichobaki kwa kichwa changu, nikakiita mzigo wa maombi. Ulikuwa umbeya. Nimemchafulia dada yangu jina. Aliyepeleka maneno yangu mbele, namwomba apeleke na haya."

Akaachia kitufe. Ikaenda.

Kisha yule aliyefunga akaandika: *Kwa hiyo nimefunga bure?*

Mteja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Redio akamgeukia. "Na wewe, ya hospitali umeyasikia?"

"Hospitali gani?"

"Asante, dada."

Simu ikaita. Mwenyekiti. Redio alijua ndiyo basi, ametolewa kundini, na nusu ya wateja wake wanatoka humohumo. Akapokea amefumba macho.

"Mama, nimekusikiliza," mwenyekiti alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mimbarini. "Kaka yake huyo bwana nilimwambia mimi. Nilijiona namsaidia. Tena wala hukunituma, nilikimbia mwenyewe! Nimeshamtumia sauti yako, na sasa hivi nampigia nimwombe radhi. Tukimaliza hili, tutaongea mimi na wewe. Tuna la kuongea."

Redio akarudi kwenye nywele za watu, lakini mistari ikamwendea kombo. Akafumua, akaanza upya. Mara simu ikalia ng'ambo ya ukuta. Fundi akapokea kabla haijaita tena. "Haloo? Baba watoto?"

Na Redio, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, alikikokota kiti pamoja na mteja wake mpaka ukingo wa baraza, asisikie.

"Unanikosesha uhondo," mteja alinung'unika.

"Tulia nikusuke."

Mlango ulipofunguka, macho ya fundi yalikuwa mekundu, ila mabega yalikuwa yameshuka kwa nafuu. Redio akamsogelea.

"Amepokea?"

"Kapiga mwenyewe. Kaka yake kamsikilizisha sauti yako mpaka mwisho." Fundi akajifuta pua kwa kiganja. "Hasira bado anazo, lakini si kwangu tena. Na mama mkwe leo kainuka akakaa, kaomba uji."

"Ashukuriwe Mungu. Dada'ngu, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nikimaliza kukasirika nitakwambia." Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Umekula wewe?"

"Ningemeza nini, na hali ile?"

"Basi acha hicho kitana, ingia tule. Na wewe wa nusu kichwa, njoo. Chakula kinapoa."