Mlio wa Mashine

Mwalimu wa historia alitaka kila mradi uwe na shahidi aliye hai, si vitabu vitupu. Shahidi wa binti mmoja darasani alikuwa nyumbani, chumba cha pili tu: bibi yake, aliyefuma vitambaa kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Lakini bibi akianza kusimulia hamalizi, na binti hakuwa na subira hiyo. Basi akajitungia mahojiano, tena kwa mbwembwe.

Mwalimu alipoyasoma, akapiga simu kumshukuru bibi na kumwalika darasani. Binti akajibanza mlangoni, akisikiliza.

"Ndiyo, mwalimu, tulizungumza sana," bibi alisema, kisha akakata simu. "Haya, mjukuu wangu, nisomee tulichozungumza, nisije nikakuaibisha."

Binti akainamia sikio la kushoto la bibi, kama walivyozoea wote nyumbani, akasoma: "Mpaka leo naukumbuka mlio mtamu wa zile mashine."

Bibi akaligusa sikio la kulia, lile lililokufa kwa kelele za mashine hizo hizo.

"Mlio mtamu," akarudia taratibu, kama mtoto anayekariri somo. "Endelea."