Nilivyomwacha Fizikia

Usiku wa kuamkia leo niliota Fizikia amekuja nyumbani kwetu kudai talaka yake.

Sishangai. Amekaa kwenye kigoda changu, jikoni, bila hata kukaribishwa. Ni mwanamume mwembamba, shingoni amening'iniza mizani ya springi, na kila akipumua mshale unapanda na kushuka.

"Saumu," anasema, "uliniacha mbele ya darasa zima. Talaka yangu iko wapi?"

"Toka lini mwanamke akatoa talaka?" namjibu. Mimi sina simile, hata ndotoni.

"Mwalimu wa taaluma alisema, wanaomwacha Fizikia wasimame. Ukasimama. Ukachepuka."

"Sikuchepuka. Nilichukua mchepuo wa sanaa."

"Ndiyo hayo hayo," anasema, na mshale wake unashuka.

Ni kweli tulisimama. Lakini ngoja niwaeleze, msije mkaniona sina akili. Mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa tukiwa kidato cha kwanza, na hakuletwa mwingine. Tulipofika mahali pa kuchagua masomo, darasa karibu lote likasimama, nami nikasimama na wenzangu. Nani alituambia kwamba huko mbele kuna watu watakuja kuulizia? Hakuna. Jana mchana ndipo wakaja wageni kutoka chuo cha uuguzi, wakatusomea sifa za kujiunga: Baiolojia, Kemia, Fizikia. Mbili ninazo. Nikanyoosha mkono nikauliza habari ya hiyo moja. Mgeni akasema, "Uliiacha? Pole, binti," kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Niko kidato cha nne mimi. Mtihani wa mwisho huo hapo unanukia.

Sasa nyumbani kwetu kila mtu anajua kwamba mimi ni mkunga wa mama mdogo Zaituni. Ndivyo anavyonitambulisha kwa watu tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni: "Mnamwona huyu? Huyu ndiye atakayenizalisha." Na jana jioni, siku hiyo hiyo, uchungu ukamshika. Mama akaondoka mbio kumfuata kwenye zahanati ya kijijini kwake, ambako muuguzi ni mmoja tu, naye alikuwa semina. Niliomba kwenda. Mama akasema, "Utakwenda kufanya nini wewe?" Nikalala na maneno hayo.

Basi Fizikia anainuka kwenye kigoda, na jiko letu linakuwa zahanati. Maharage bado yanachemka pale pale, karibu na benchi la wagonjwa. Mbele yetu kuna mlango wa chumba cha kuzalia, umefungwa. Ndani mama mdogo anaita.

"Saumu! Mkunga wangu! Uko wapi?"

Naukimbilia Mlango. Mlango unakohoa kwanza.

"Sifa zako?" unauliza.

"Mimi si mvivu," naanza haraka haraka. "Nafua, napika, naheshimu wakubwa, ingawa mdomo ninao. Siogopi damu. Mbuzi wetu alipozaa mimi ndiye niliyemshika, na sikutapika."

"Sifa za kujiunga," unasema Mlango. "Hizo nyingine kamwambie mchumba."

Ndipo naona sikuja peke yangu. Mkono wa kulia nimeshikwa na Baiolojia, mama mnene mwenye jasho. Wa kushoto nimeshikwa na Kemia, ambaye hatuelewani sana lakini tunavumiliana.

"Huyu mtoto ananijua," Baiolojia anauambia Mlango. "Mchoree mfuko wa uzazi, anaweka majina yote bila kukosea hata herufi."

"Huko ndani hakuna mchoro," unasema Mlango. "Wa tatu yuko wapi?"

Sote tunamgeukia Fizikia. Anajifanya anasoma tangazo la chanjo.

"Bwana Fizikia," nasema, "nakurudia. Hapa hapa, na mashahidi ni hawa."

"Kunirudia mimi kuna utaratibu. Unakaa eda mpaka mwakani, halafu unajiandikisha kama mtahiniwa binafsi, halafu tutaona."

"Mtu anazaa sasa hivi!"

Fizikia anaweka sikio mlangoni. Anasikiliza kwa makini, na kwa mara ya kwanza namwona anavutiwa na jambo.

"Anasukuma," anasema.

"Tangu jioni," unasema Mlango.

"Mtoto amesogea?"

"Hajasogea."

"Kazi ni nguvu mara umbali," anasema Fizikia. "Umbali ni sifuri. Kwa hiyo huyu mama, tangu jioni, hajafanya kazi yoyote."

Namzaba kofi. Kofi la haki kabisa, kama la mama yangu mzazi, mpaka mizani inazunguka shingoni. Lakini kiganja changu kinawaka moto, nami ndiye ninayepiga kelele.

"Ulivyonipiga ndivyo nilivyokupiga," anasema, hajakasirika. "Ungekaa nami kidogo tu ungelijua hilo."

Hapo nalia. Sijui kujizuia tena. Naogopa, jamani, na naona haya kwa kuogopa. Nasukuma Mlango kwa bega, naupiga teke, nautukana matusi ambayo hapa siyasemi. Ndani mama mdogo ananiita tena, lakini safari hii haniiti mkunga. Ananiita Saumu tu.

"Una mume mwingine," unasema Mlango. "Yule uliyemfuata. Mwite huyo."

Namwita Historia. Anakuja polepole, mzee wa watu, amevaa vizuri, ana harufu ya chaki. Huyu hajawahi kuniangusha. Darasani hakuna anayenishinda kwake.

"Historia, mume wangu, nisaidie. Nifungulie."

"Mke wangu," anasema kwa upole, "mimi huwa siji mapema. Mambo yakishapita, hapo utanipenda. Nitakupa chanzo chake na matokeo yake. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Anavuta benchi, anakaa, anapangusa miwani. Baiolojia ananiachia mkono. Kemia naye ananiachia. Sauti ya ndani inapungua, inapungua, kisha nasikia maharage tu.

Historia anakohoa kidogo, kama walimu wanavyofanya kabla ya kuanza kipindi.

"Zaituni alikuwa..."

"Nyamaza!" namrukia. "Bado! Bado, nimesema!" Namziba mdomo kwa mikono miwili. Anajaribu kuendelea, polepole, bila ubaya wowote, na nasikia maneno yake yakigonga viganja vyangu kutoka ndani. Nakaza mikono. Nikiachia tu, atamaliza.

Nikaamka. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imebana mdomo wangu mwenyewe.

Kulikuwa kumekucha. Uani baba alikuwa akiongea na jirani, kwa sauti ya chini ambayo siijui. Baba yangu haongei chini. Akisalimia mtu, mtaa mzima unaitikia. Sikuusikia mwanzo wa sentensi yake. Nilisikia kuanzia katikati.

"...alikuwa akicheka," baba alisema, "hata kabla hajamaliza kusema."

Jirani akasema kitu, sikukishika.

Nikakaa kitandani. Kiswahili mimi sikukiacha. Ninakijua vizuri, na njeo zake zote ninazijua.

"Hucheka," nikasema.

Hakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, ifike huko uani.

"Hucheka, baba! Sema hucheka!"

Baba akaja mlangoni, akaniita kwa sauti ile ile ya chini.