Tangi la Marehemu Shee

Siku ya thelathini na tisa ya eda yangu iliangukia Alhamisi, na tangu alfajiri nilikuwa nikisikia harufu ya petroli. Mwanamke aliyekaa siku zote hizo bila manukato, bila hata asumini kichwani, pua yake huwa kali. Niliifuata harufu ile mpaka chumba cha nyuma, ilikokuwa pikipiki ya marehemu mume wangu, Shee. Chini ya tangi palikuwa na doa jeusi sakafuni, na kila nilipomaliza kusema subhanallah mara tatu, tone jingine lilianguka.

Shee alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Pikipiki ile ilitoka jeshini baada ya vita, nayo ndiyo iliyomfikisha Bamburi na Shanzu kusomesha. Walimu wenziwe walimcheka mpaka wakachoka. Wiki aliyofariki alikuwa ameivua gurudumu la mbele na kuitegemeza juu ya mawe, kwa hivyo haikusukumika, na wanawake wawili hawangeweza kuibeba. Juu yake kulikuwa na paa la makuti makavu.

Niliyekaa naye ni wifi yangu, Johari. Nikamtuma kwa kakake, Mohdhar, ambaye tangu mazishi ndiye aliyekuwa mwenye kauli juu ya nyumba yetu. Niliomba fundi. Jibu likarudi kwamba hakuna mwanamume atakayevuka kizingiti cha nyumba yenye eda, fundi wala nani, na pikipiki itangoja. Kama inanuka, yeye atakuja na chetezo baada ya Alasiri kama ilivyo kawaida yake.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Kila Alhamisi Mohdhar alileta chetezo kutoka kwake, makaa yameshika na ubani unafuka, Johari akakipokea kizingitini na kukizungusha vyumba vyote. Na kesho yake ilikuwa hitima ya arobaini, basi siku hiyo makaa yangejaa pomoni.

Nikamrudisha Johari akamweleze kwamba makaa na petroli havikai chumba kimoja. Akaenda, akarudi amekunja uso. Mohdhar alikuwa amesema mwenye eda huwa na wasiwasi mwingi, nisome Yasini. Yasini niliisoma. Petroli haikuacha kutona.

Nilipokwisha sali Adhuhuri nikamtuma kwa Karisa, fundi wa Kigiriama aliyetengeneza magari ya jeshi huko Burma. Karisa hakuvuka kizingiti cha mtu. Alisimama nje, chini ya kidirisha cha chumba kile, akampa Johari spana moja, akawa ananielekeza kwa sauti kupitia ukutani.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Nikafunga koki ya tangi, nikachomoa mpira wake, nikatega debe, nikaifungua koki tena. Petroli ikashuka kama robo ya debe, kisha ikakoma. Johari akalizungusha debe nje mpaka kwa Karisa. Nikahesabu kwamba kazi imebaki bolti nne tu zilizolishika tangi, kisha tulitoe nje.

Bolti ya kwanza ilitula saa nzima. Karisa alisema nizungushe kushoto, nikazungusha kushoto, na kadiri nilivyozungusha ndivyo ilivyozidi kukaza. Johari akasema labda spana ya Mgiriama haimtii Mswahili. Karisa akajibu kutoka nje kwamba spana haina kabila, ila inaijua mikono iliyozoea mbuzi ya nazi. Mimi sikucheka. Jasho lilinitiririka, vidole viwili vilikwisha kuchubuka, na kivuli cha mlango kilikuwa kinasogea.

"Bi Mwanakheri," Karisa aliuliza mwishowe, "wewe unaitazama bolti kutoka wapi?"

"Kutoka juu. Nimeinamia tangi, mkono uko chini."

"Mimi nakuelekeza kama mtu aliyelala chini yake. Kichwa cha bolti kiko chini. Kushoto kwangu ni kulia kwako."

Basi muda wote ule tulikuwa tukikaza. Nilitamani kuipitisha spana ile dirishani impate ya utosi. Nikasema astaghfirullah, nikazungusha kulia, ikalegea.

Ya pili na ya tatu zilitoka. Adhana ya Alasiri ilinikuta kwenye ya nne, na kwa mara ya kwanza tangu nifiwe niliiacha adhana ipite nisiinuke. Bolti ilipotoka, Johari akashika nyuma, mimi mbele, tukanyanyua.

Tangi likasukasuka. Ndani mlikuwa bado na petroli.

Lilikuwa limekaa juu ya chuma cha katikati kama shogi la mizigo juu ya punda, ubavu huku na ubavu huku, na koki ilikuwa ya ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili, ule uliokuwa ukitona, petroli yake haikupitia koki hata kidogo. Tulipoliinamisha, petroli ikavuka upande wa pili, ikachuruzika kwenye koki niliyoiacha wazi, ikanilowesha kifua na leso, ikatambaa sakafuni kuelekea ukumbini. Wakati huohuo nikasikia kikohozi cha Mohdhar mlangoni, na harufu ya ubani ikaingia.

"Humo ndani mna sauti ya mwanamume," alisema. "Nimeisikia kutoka njiani."

Nikamwona akiinua mguu avuke, chetezo mkononi, makaa yamejaa. Yeye mwenyewe, aliyekataza.

Tangu mazishi hakuwa amesikia sauti yangu. Sikuipandisha.

"Mohdhar, nimelowa petroli mwili mzima. Ukivuka na makaa hayo, kesho mtasoma hitima mbili."

Mguu ulibaki hewani. Kisha ukashuka nyuma, na mwingine, akaenda kinyumenyume mpaka njiani, nikamsikia akiyafukia makaa mchangani.

Nikamwambia Johari aliachie. Nililikumbatia tangi peke yangu, nikavuka kizingiti nilichokaa siku thelathini na tisa bila kukivuka, nikalizungushia nyuma ya nyumba. Karisa alisikia hatua zangu, akageukia ukuta na kusimama wima kama askari, asinitazame. Nikaliweka chini nyuma yake, nikarudi ndani, nikaisali Alasiri yangu kwa nguo safi. Sakafu tukaifunika mchanga, na taa hatukuwasha usiku ule.

Ijumaa mafiga yaliwashwa uani, wali ukapikwa, hitima ikasomwa. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Mohdhar barazani akiwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeamuru tangi lile litolewe kabla ya shughuli, maana mwanamume lazima aone mbele. Johari akanifinya paja.

Mikono bado ilinuka, na wanawake walioketi karibu nami walisogeza mikeka yao mbali. Nilikwisha kuinawa kwa ndimu na majivu mara tatu. Johari akaniletea ndimu ya nne. Shee alikuwa akirudi kutoka Shanzu kila magharibi ananuka hivyo hivyo, nami nikimgombeza aende kuoga kwanza. Ndimu nikaiweka kando.