Goretti Asailiwa Akiwa Sakafuni

Asubuhi ile Goretti alikuwa na kazi moja tu: kukaa jikoni. Binti yake Shallon alitakiwa kuanza shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika chuo kikuu kikubwa cha Nairobi, na kabla ya kuthibitishiwa nafasi alipaswa kuzungumza na profesa ambaye angemsimamia. Mazungumzo yangefanyika kwa video, pale pale sebuleni kwao Gudele, pembeni mwa Juba, kwenye kompyuta ambayo Shallon aliiazima kazini kwake katika mtaa wa Thongpiny.

Mwaka uliotangulia Shallon alikuwa amekwisha kupata nafasi hiyo, akaiahirisha kwa sababu ya uzazi, na chuo kikamwonya kwamba haitaahirishwa tena. Mtoto, Lubega, sasa alikuwa anatembea. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Nimule, kule mpakani, mtu aliyeonekana Juba kwa nadra kuliko mvua ya Januari. Kwa hiyo swali gumu lilijulikana mapema: mtoto atabaki na nani?

Goretti alilichukua swali hilo likawa lake. Katika darasa la watu wazima, ambako alikuwa ametoka kwenye silabi akafika kwenye aya, aliwatangazia wenzake kwamba familia yake inaingia chuo kikuu. Hakufafanua ni nani hasa katika familia, na walipopiga makofi aliinuka akayapokea. Sokoni, alikouza ndizi za kupika, aliwaomba wateja wasibishane naye bei, kwa kuwa akili yake ilikuwa Nairobi. Kisha, kwa tahadhari tu, akajiandalia hotuba. Ilianza na "Mheshimiwa Profesa" na ilikuwa na aya kadhaa, maana aya alikuwa amefundishwa juzijuzi na hakutaka zikae bure.

Shallon aliposikia sufuria zikisomewa hotuba hiyo, alimwambia kwa upole wa mtu mwenye hofu, "Mama, leo nisaidie kwa kutoonekana."

Goretti alikubali. Hata hivyo alivaa gomesi, vazi lake la sherehe lenye mabega yaliyosimama, kwa kuwa aliona kwamba hata kutoonekana kunahitaji nguo nzuri. Akamfunga Lubega mgongoni mpaka akalala, akajibanza nyuma ya pazia la jikoni.

Mazungumzo yalianza kwa Kiingereza. Profesa Falhado, Msomali wa Garissa mwenye sauti tulivu, aliuliza kuhusu utafiti, na Shallon akajibu vizuri. Goretti, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alifuata mambo kwa kutazama visigino vya binti yake chini ya kiti. Vilikuwa vimetulia. Halafu vikaanza kugonga sakafu, naye akajua kwamba swali limefika. Shallon alijibu kirefu, akazunguka, akarudi alikotoka. Goretti aliifahamu sauti ile: mtoto wake alikuwa anatafuta pa kukimbilia. Akatoka nyuma ya pazia.

Kwao Masaka, Uganda, mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama, na kama kuna mkubwa duniani, basi ni profesa. Goretti alipofika mbele ya kompyuta alipiga magoti, kwa adabu kamili, akatoweka.

Kule Nairobi lilionekana bega la gomesi likipita na kuzama, kana kwamba sakafu imekatika. Falhado akauliza kwa Kiswahili, "Shallon, kuna mtu ameanguka?"

"Ni mama yangu, Profesa. Anakusalimia."

"Yuko wapi?"

"Mimi iko hapa chini, Profesa," ikajibu sauti kutoka miguuni pa meza. Mheshimiwa na aya zake zote walikuwa wamekimbia, wakaondoka na Kiswahili sanifu.

Falhado alifadhaika. Alisema kwamba kwao binadamu hampigii binadamu mwenzake magoti, tena mama mtu mzima, tafadhali ainuke. Goretti akakataa, akaeleza kwamba hiyo ni heshima. Wakati huo ilikuwa kweli. Lakini alipojaribu kuinuka kwa siri, magoti yalikataa, na Lubega, aliyekuwa ameshiba uji, alimvuta nyuma kama gunia lililonyeshewa. Basi akaendelea kutaja heshima, kwa sauti ya juu zaidi.

Falhado hakudanganyika. "Mama, huyo mtoto anatembea. Kama wewe ndiye utakayebaki naye, na kuinuka tu ni shida, utamkimbiza vipi kwa miaka miwili ya masomo?"

Shallon akafumba macho. Goretti akaipekua hotuba yake yote kichwani. Ilisifu elimu na kuushukuru uongozi wa chuo. Kuhusu kukimbia haikusema kitu.

"Siwezi kumkimbiza," akasema. "Namfunga mgongoni. Hata sasa iko mgongoni, ndiyo imenizuia hapa."

Shallon akainamisha kioo cha kompyuta. Falhado akamwona mwanamke mnene aliyeshikilia mguu wa meza, na nyuma ya bega lake kichwa cha mtoto aliyelala mdomo wazi.

"Hulala hivyo kila mara?"

"Sokoni, kanisani, hata darasani kwangu. Mwalimu akianza kusoma tu, huyu analala."

Kwa mara ya kwanza Falhado alicheka. Alitaka kujua ni darasa gani, na Goretti akamjulisha kwamba amefika aya, na kwamba hana nia ya kuacha. Mtoto ataendelea kulala huko huko. Ndipo profesa akamgeukia binti. "Shallon, jibu hili fupi kwa nini hukunipa wewe?"

"Sikuwahi kumwomba, Profesa. Niliogopa kwa sababu nilijua atakubali."

Goretti, kule chini, akainua uso kumtazama binti yake.

"Basi mwombe leo," akasema Falhado. "Akikubali, nakusubiri Septemba."

Kompyuta ilipofungwa, Shallon alishuka sakafuni akapiga magoti mbele ya mama yake. Akaomba kwa maneno machache, na kabla hajamaliza alikuwa analia juu ya bega la gomesi, lile lililosimama vizuri zaidi.

"Nimekubali tangu alipozaliwa," akasema Goretti. "Sasa nyamaza, mwanangu, uniinue. Utalia nikiwa nimekaa."