Kabula na Kabura

Shangazi Specioza alizalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne katika zahanati moja ng'ambo ya Busisi. Kila mtoto aliyempokea alimwandika pia kwenye daftari lake mwenyewe, mbali na kitabu cha zahanati: tarehe, jina la mama, uzito, halafu sentensi moja ya chochote kilichomgusa siku hiyo. Alipostaafu akahamia Butimba kwa Nice, binti wa kaka yake, akashuka na begi moja la nguo na masanduku mawili ya madaftari.

Nice alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, mwenye ofisi ya chumba kimoja Mkuyuni. Mwaka mzima, kila Jumamosi, shangazi alisoma, Nice akachapa, mpaka watoto wote elfu nne mia sita na kumi na wawili wakaingia kwenye kanzidata, kwenye jukwaa lile lile la mtandaoni alilotumia kwa kazi za wateja wake. Habari ikasambaa. Watu wakaanza kuvuka ziwa pale Kigongo kuja kuuliza tarehe zao za kuzaliwa. Wengi waliondoka wanacheka. Wengine waliondoka hivi hivi.

Mmoja wa walioondoka hivi hivi alikuwa Chenge, mfugaji wa Sengerema, mtu mzima mwenye watoto wanne. Alimtaja mama yake: Kabula Luhende. Nice akaandika jina, akabonyeza, hakikutoka kitu. Chenge aliacha namba yake ya simu kama wengine waliokosa, akashukuru kwa adabu, lakini alipofika mlangoni akasimama.

"Sikuja kwa ajili ya tarehe," alisema. "Nimelelewa nikiambiwa mama alikufa akinizaa mimi. Nikikosea kitu kidogo, naambiwa, wewe si ndiye uliyemuua mama yako. Nilitaka tu kujua kama ni kweli."

Maneno hayo yalimkaa Nice kifuani kwa miezi.

Mwezi wa nane jukwaa lile likatoa toleo jipya. Nice alisoma maelezo yake akinywa chai ofisini, akafika sehemu ya kanzidata, akaweka kikombe chini. Mambo mapya yalikuwa mawili. La kwanza, mtu angeweza kutoa nakala ya kanzidata nzima na kuijaribia, ile ya asili isiguswe. La pili, utafutaji haukudai tena herufi zilingane moja kwa moja. Ungeweza kuleta hata majina yanayokaribiana kwa sauti.

Alifunga ofisi saa sita mchana akarudi nyumbani.

"Shangazi, shikamoo. Naomba nikuulize. Wewe jina la Kabula ungeliandikaje?"

"Marahaba. Kabura," alijibu shangazi bila kufikiri. "K, a, b, u, r, a."

Nice akaanza kucheka, kisha akajizuia. Shangazi alikuwa Mhaya wa Muleba, na masikio yake yalikuwa yamesikia majina ya Kisukuma kwa namna yake tangu siku ya kwanza ya kazi.

"Unacheka nini?"

"Madaftari yako yamejaa r, shangazi. Wenyewe wanatamka l. Kompyuta ilikuwa haijui kwamba Kabura na Kabula ni mtu mmoja."

Shangazi hakucheka. Aliweka chini ndizi aliyokuwa akiimenya. "Kwa hiyo wale wote waliorudi mikono mitupu, mimi ndiye niliyewaficha?"

"Hujamficha mtu. Nikitaka naweza kuyasahihisha yote."

"Usithubutu!" Sauti ilipanda. "Niliandika nilichosikia, na mikono ina damu. Usiwaguse watoto wangu."

"Basi sitawagusa. Natoa nakala, najaribu huko. Wa kwako wanabaki kama ulivyowaandika."

"Na nakala ikiharibika?"

"Tunaitupa, tunatoa nyingine."

Shangazi alivuta kiti akakaa karibu naye, begani kabisa, akanusa hewa kama mtu anayesubiri kitu kiungue. Nice aliandika Kabula Luhende. Ilitokea mistari miwili. Kabura Ruhende, Machi 1983. Kabura Ruhende, Januari 1984.

Waliisoma pamoja. Kisha shangazi akasema, "Mpigie. Lakini usimsomee kwenye simu. Mwambie aje."

Chenge alifika kesho yake asubuhi, shati limepigwa pasi. Shangazi alikuwa ameshalitoa daftari lenyewe sandukuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa." Alivaa miwani. "Tarehe kumi na nne Machi, themanini na tatu. Jumatatu. Kabura Ruhende. Mvulana, kilo tatu na robo. Siku ya tatu ametoka kwa miguu yake, mtoto mikononi, akigombana na mkwewe nani ambebe."

Chenge alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Bado," alisema shangazi. Alifunua kurasa nyingi. "Januari, themanini na nne. Siku hiyo sikuzalisha mtu, lakini niliandika. Kabura Ruhende amepita kunionyesha mwanawe. Anatembea. Mama anajisifu sana."

"Nilikuwa natembea?"

"Ulikuwa na miezi kumi. Na yeye alikuwa hai, mzima, anajisifu."

Chenge aliinamisha kichwa, akalia bila kujificha, kama watu wanavyolia msibani wakiwa kwao. Nice alitazama pembeni. Shangazi hakutazama pembeni. Alimwekea mkono mgongoni, akauacha pale.

Alipotulia aliuliza, "Alikuwaje, mama? Sura yake?"

Nice aliomba moyoni shangazi abuni kitu chochote.

"Sikumbuki, baba," alisema shangazi. "Walikuwa wengi mno, siwezi kukudanganya. Najua tu kwamba sikuwa na kawaida ya kumwandika mtu mara mbili. Nikimwandika mara mbili, basi nilimpenda."

Chenge alikula nao mchana. Kabla ya kuondoka alimpigia simu mjomba wa mama yake, mzee pekee aliyebaki, akamuuliza waziwazi. Mzee akasema ilikuwa homa, mvua za masika za mwaka ule wa pili, na kwamba walioanza kusema vingine walikuwa na hasira zao. Chenge alirudia maneno hayo kwa sauti ili wote wasikie.

Wiki ile Nice aliupeleka utafutaji mpya kwenye kanzidata yenyewe, bila kubadili jina hata moja, shangazi akiwa pembeni na orodha ya waliorudi hivi hivi. Walikuwa ishirini na watatu. Kumi na saba walipatikana, na shangazi alisisitiza kuwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja, akiwatajia majina ya mama zao, yote yenye r.